Mazao Yakiharibika Bila Bima: Nani Hulipa, Hulipa Nini, na Taarifa Huanzia Wapi

Msimu unapokwenda kombo, ofisi za watendaji wa vijiji katika wilaya za Handeni na Korogwe hupokea swali moja kwa sauti nyingi: Serikali italipa lini? Huulizwa na mkulima wa Kwamatuku ambaye mahindi yake yamekauka yakiwa yametoa mbelewele tu. Huulizwa na mkulima wa mpunga wa Mombo aliyeamka asubuhi akakuta majaruba yamefunikwa na tope. Huulizwa pia na mzee anayelima karibu na mapori, ambaye tembo wamepita shambani kwake usiku mmoja na kumaliza kazi ya miezi minne. Wote watatu hawakuwa na bima ya mazao, na katika hilo hawako peke yao, kwani walio wengi miongoni mwetu hulima mahindi, muhogo na ufuta kwa kutegemea mvua na dua.

Kila mmoja wao anastahili jibu lililo wazi. Shida ni kwamba jibu la mmoja silo la mwenzake. Kinachoamua si ukubwa wa hasara wala ukubwa wa familia, bali ni kitu gani kimeliharibu shamba. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti hiyo, kwa sababu kutoifahamu kumewagharimu wakulima wetu zaidi ya mara moja: wapo waliosubiri malipo ambayo hayapo katika sheria yoyote, na wapo waliokosa malipo yaliyokuwapo kwa kuwa walichelewa kutoa taarifa.

Fidia, kifuta jasho na msaada

Katika mazungumzo ya kijiweni maneno haya matatu hutumika kana kwamba ni kitu kimoja. Katika sheria yametengana kabisa.

Fidia ni haki. Mtu hulipwa fidia pale ardhi yake inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, au mradi unapopita shambani kwake. Wakazi wa vijiji vilivyopitiwa na Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, linalotoka Hoima nchini Uganda na kupita Handeni na Korogwe kuelekea Chongoleani jijini Tanga, wanalifahamu jambo hili vizuri. Wathamini walifika, wakahesabu minazi, michungwa na mashina ya mihogo, wakaandika, na mwenye mali akatia saini. Msingi wa kazi hiyo ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote mbili za mwaka 1999, pamoja na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016. Anayelipwa fidia anaweza kuhoji hesabu, na malipo yakicheleweshwa kupita muda uliowekwa, sheria inatambua riba. Yote hayo yanawezekana kwa kuwa yupo aliyesababisha hasara kwa kuamua, naye anajulikana.

Mvua haina anwani. Ukame ukikausha mahindi ya Sindeni, au Mto Luengera ukipanda kingo na kuzoa bustani, hakuna sheria ya Tanzania inayompa mkulima haki ya kuidai Serikali thamani ya mazao hayo, gunia kwa gunia. Ni vyema jambo hili lisemwe waziwazi, ingawa si habari ya kufurahisha, kwa sababu kulificha kumezaa matumaini ambayo mwisho wake huwa ni lawama kwa mtendaji wa kijiji.

Kifuta jasho kiko katikati ya hayo mawili. Si fidia, lakini ni malipo ya fedha taslimu ambayo kanuni imeyataja kwa viwango. Kinamhusu mkulima ambaye mazao yake yameharibiwa na wanyamapori walioorodheshwa kuwa wakali na waharibifu, nao kwa upande wa mashamba ni hasa tembo, kiboko na nyati. Kanuni zake zilitungwa mwaka 2011 chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Aliyejeruhiwa na mnyama, na familia ya aliyeuawa, wamewekewa malipo yao, na haya ya msiba ndiyo yanayoitwa kifuta machozi.

Kwa wilaya zetu kifuta jasho si jambo la mbali. Hifadhi ya Taifa ya Saadani iko upande wetu wa mashariki, Mkomazi iko upande wa kaskazini, na baina yake tembo wana njia walizozirithi kabla ya kuwapo mipaka ya kata. Kanuni za 2011 ziliweka kiwango cha kati ya shilingi 25,000 na shilingi 100,000 kwa ekari, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na kwa ekari zisizozidi 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpakani halilipwi. Mantiki yake ni kwamba anayelima mlangoni kwa tembo amejitakia, na anayelima mbali amefuatwa. Mtu anaweza kubishana na mantiki hiyo, hasa pale ambapo shamba lilikuwapo kabla ya mpaka, lakini ndivyo kanuni ilivyoandikwa. Kwa kuwa viwango huweza kurekebishwa, mwombaji amuulize Afisa Wanyamapori wa Wilaya kiwango kinachotumika siku ya tathmini, asitegemee kilichosemwa na jirani aliyelipwa miaka iliyopita.

Kwa ekari ya mahindi yaliyokomaa, fedha hizo hazifikii hata gharama ya palizi na mbegu. Jina lenyewe linakiri hivyo: linafuta jasho, halirudishi mavuno. Nyani, ngedere na nguruwe pori, ambao pengine kwa jumla wao hula zaidi ya tembo, hawamo katika malipo hayo. Kwelea kwelea nao hawamo. Dhidi yao Serikali hutoa huduma ya kuwanyunyizia dawa kwa ndege kupitia Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Huduma hiyo humfaa mkulima wa mpunga endapo tu makundi yameripotiwa yakiwa bado kwenye mazalia yao. Akiripoti mpunga ukiwa umekwisha kuliwa, dawa haimrudishii kitu.

Neno la tatu ni msaada wa maafa, nalo ndilo linalowahusu walio wengi.

Msaada wa maafa huja kwa sura gani

Chimbuko lake la sasa ni Sheria ya Usimamizi wa Maafa, Namba 6 ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2015. Sheria hiyo inasimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu kupitia Idara ya Menejimenti ya Maafa, na imeweka kamati za usimamizi wa maafa kuanzia ngazi ya taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Katika wilaya, kamati huongozwa na Mkuu wa Wilaya. Kazi ya kamati si kulipa mazao. Kazi yake ni kuhakikisha kuwa watu waliopatwa na maafa wanaishi: wanakula, wanajisitiri, wanatibiwa, na kadiri inavyowezekana wanarudi shambani msimu unaofuata.

Kwa hiyo msaada wa maafa kwa mkulima mara nyingi haufiki kwa sura ya fedha. Hufika kwa sura ya magunia. Maporomoko ya tope yalipoikumba Katesh, wilayani Hanang', tarehe 3 Desemba 2023, walioathirika walipewa chakula, mablanketi na matibabu, na baadaye zikajengwa nyumba 109 kwa ajili yao. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alipolihutubia Bunge tarehe 25 Aprili 2024 kuhusu mvua zilizochochewa na El Nino, alieleza kuwa zilikuwa zimeua watu 155, kujeruhi 236 na kuathiri kaya zaidi ya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000. Kwa idadi kama hiyo ni rahisi kuona kwa nini msaada hupimwa kwa kaya na kwa midomo ya kulishwa. Sisi wenyewe hatujasahau Oktoba 2019, mvua kubwa zilipokata barabara ya Korogwe hadi Handeni na kuchukua maisha ya watu. Siku zile aliyekuwa akiuliza habari za mahindi alikuwa mwenye bahati.

Ukame huja taratibu, na kwa Handeni ndio mgeni wa mara kwa mara. Simulizi za Wazigua zinaikumbuka njaa ya karne ya 19 iliyoitwa Kidyakingo, jina linalotokana na kula ngozi. Katika njaa za wakati ule watu walishuka pwani kutafuta chakula, wengine wakajikuta wamepakiwa majahazini na kuuzwa mpaka bonde la Mto Juba nchini Somalia. Vizazi vyao viliendelea kusema Kizigua huko, na vita vilipoanza Somalia mwaka 1991 baadhi yao walirejea Tanzania, wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Nyakati zile hapakuwa na kamati wala ghala. Katika miaka ya 1970 wazee wetu wengi walikula unga wa mahindi ya njano kutoka ng'ambo, ambao nchi nzima iliubatiza jina la Yanga kwa rangi yake. Leo mahindi ya msaada ni ya hapa hapa nchini. Hutoka katika maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA), ulioanza kazi mwaka 2008 kurithi kazi ya ghala la akiba la taifa. Wakala hununua nafaka katika maeneo yenye ziada, hasa nyanda za juu kusini, na kuitoa kwenye upungufu.

Mahindi hayo hayagawiwi yote bure. Utaratibu wa miaka mingi umekuwa kwamba sehemu ndogo hutolewa bure kwa kaya zisizo na uwezo kabisa, yaani wazee wasio na watu, wagonjwa, wenye ulemavu na watoto waliofiwa na wazazi, na sehemu kubwa huuzwa kwa bei iliyo chini ya soko. Wengi wanakumbuka kipindi ambacho kilo iliuzwa kwa shilingi 50. Bei hiyo imekwisha kubadilika, lakini kanuni ya ugawaji haijabadilika: mwenye shamba la ekari 10 lililokauka na ng'ombe 40 zizini hataandikwa kwenye orodha ya bure, hata kama hasara yake kwa shilingi ni kubwa kuliko ya jirani yake mwenye nusu ekari. Jambo hili huleta manung'uniko karibu kila mara. Mkulima mkubwa huona ameadhibiwa kwa kuwa na mali. Lakini ghala la taifa linaziba njaa, na njaa haipimwi kwa ukubwa wa shamba.

Njia ya taarifa kutoka shambani

Hapa ndipo mwananchi ana nguvu kuliko anavyodhani, na hapa ndipo mambo mengi huharibika.

Gunia la mahindi halitoki ghalani kwa sababu redio imetangaza ukame. Hutoka kwa sababu ya karatasi iliyoanzia kitongojini. Mkulima humpa taarifa mwenyekiti wa kitongoji, naye huifikisha kwa Mtendaji wa Kijiji. Afisa Ugani hufika kuona shamba na kuandika aina ya zao, ukubwa wa eneo, hatua ambayo mazao yalifikia na kiasi kilichoharibika. Taarifa za vijiji hukusanywa na Mtendaji wa Kata, hufika kwa Mkurugenzi na kwenye Kamati ya Usimamizi wa Maafa ya Wilaya, hupanda mkoani, na hatimaye katika Ofisi ya Waziri Mkuu na Wizara ya Kilimo. Pale inapoonekana kuwa upungufu wa chakula ni mkubwa, wataalamu hufika kufanya tathmini ya kina kwa kutumia mfumo ujulikanao kwa kifupi kama MUCHALI, unaochambua taarifa za uhakika wa chakula na lishe. Hawahesabu mahindi pekee. Huuliza kaya inakula milo mingapi kwa siku, imeuza mbuzi wangapi, bei ya debe sokoni imepanda kiasi gani, na watoto wamepungua uzito au la.

Swali la mbuzi huwachekesha wengi, na wapo wanaolijibu kwa kuficha. Ni kosa. Kaya iliyouza mbuzi wake wote ili kununua unga imekwisha kutoa ushahidi mkubwa kuliko shamba lililokauka, maana inaonesha kuwa akiba ya mwisho imetumika. Anayesema hajauza kitu, akidhani ataonekana maskini zaidi, huonekana kuwa ana la kuuza.

Mwandishi wa makala haya alipata kuandamana na timu ya tathmini katika kijiji kimoja ambacho mafuriko yalikuwa yamepita wiki tano nyuma. Wenyeji walikuwa watu wa kazi. Maji yalipokauka, walilima upya na kupanda maharage juu ya tope ili wasipoteze unyevu. Tulipofika tulikuta mashamba ya kijani. Kila mmoja alisema hapa palikuwa na mahindi, na hapana shaka walisema kweli, lakini fomu ilikuwa na nafasi ya kile kinachoonekana, na kilichoonekana kilikuwa maharage. Hakuna picha iliyopigwa wala mtu aliyeandika. Bidii yao wenyewe ndiyo iliyofuta ushahidi wao.

Ndiyo maana tunashauri jambo dogo ambalo halina gharama. Kabla ya kulima upya, piga picha za shamba kwa simu, mojawapo ikionesha kitu kisichohama kama mti mkubwa, kilima au nyumba, na ukiweza awepo jirani katika picha. Acha kipande cha shamba kama kilivyo, hata hatua 20 kwa 20, mpaka Afisa Ugani afike. Andika tarehe ya kupanda, aina ya mbegu na risiti ya duka la pembejeo kama ipo. Kwa uharibifu wa tembo, usifute nyayo wala kuondoa kinyesi. Hivyo ndivyo vitakavyomwonesha Afisa Wanyamapori kwamba aliyepita alikuwa tembo na si ng'ombe wa jirani. Taarifa itolewe siku hiyo hiyo au kesho yake. Mtendaji wa Kijiji akiwa hayupo, mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuipokea kwa maandishi, na mwananchi abaki na nakala yenye tarehe.

Ng'ombe wa jirani ni mashtaka tofauti kabisa. Mifugo ikila mazao, anayepaswa kulipa ni mwenye mifugo, si Serikali, na tathmini ya Afisa Ugani hutumika kama ushahidi katika usuluhishi au mahakamani. Malalamiko haya yakichanganywa na orodha ya maafa, huchelewesha yote mawili.

Orodha ya wanaostahili chakula cha bure au cha bei nafuu husomwa katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo unajua mengi ambayo ofisi haiyajui, kwa mfano nani ana mtoto mjini anayemtumia fedha kila mwezi na nani amebaki na wajukuu wanne bila mtu wa kumsaidia. Asiyehudhuria hupoteza nafasi ya kupinga jina lililoingizwa kwa upendeleo, au kuliingiza jina lililosahaulika. Kuandikishwa hakuna ada. Atakayedai fedha ya fomu, ya mafuta ya pikipiki au ya kumfuatilia mtu faili lake mkoani ataripotiwa TAKUKURU, na simu ya bure ya taasisi hiyo ni 113.

Wapo pia wanaoichanganya TASAF na msaada wa maafa. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unazihudumia kaya zilizotambuliwa kuwa maskini hata mvua inaponyesha vizuri, na kupoteza mazao msimu mmoja hakumwingizi mtu katika mpango huo. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni mikopo, hurejeshwa.

Kwa nini tusilipwe kwa ekari kama kwingineko?

Swali hili liliulizwa na kijana mmoja katika mkutano wa kata, akasema amesikia kuwa Marekani mkulima asiye na bima hulipwa na serikali maafa yanapotokea. Alichosikia ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Nchini Marekani upo mpango wa serikali kwa mazao ambayo hayana bima sokoni, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Mkulima anayetaka kulindwa na mpango huo huomba na kulipa ada kabla ya msimu, si baada ya maafa. Hutoa taarifa za eneo alilopanda kila mwaka. Maafa yakitokea, ana siku 15 za kutoa taarifa ya hasara. Katika ngazi ya msingi hulipwa pale tu anapopoteza zaidi ya nusu ya mavuno aliyotarajia, na kwa ile sehemu iliyozidi nusu hulipwa kwa asilimia 55 ya bei ya wastani ya soko. Asiyejiandikisha kabla ya msimu hana cha kudai katika mpango huo.

Kinachowawezesha kulipa ni kumbukumbu kuliko utajiri. Serikali yao inajua kila shamba lilipandwa nini, lini, na lilivuna kiasi gani miaka iliyotangulia. Kwetu kumbukumbu kama hizo ndiyo kwanza zinaanza. Usajili wa wakulima ulioanzishwa kwa ajili ya ruzuku ya mbolea katika msimu wa 2022/2023 ulikuwa hatua kubwa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza jina la mkulima liliunganishwa na eneo lake katika mfumo mmoja. Wengi wa Handeni hawakujisajili kwa hoja kwamba mahindi yao hayatumii mbolea ya viwandani. Hoja hiyo inaeleweka. Lakini daftari hilo linaweza kutumika kwa mambo mengine, na asiyemo humo, siku ikifika, itabidi aanze kwa kuthibitisha kuwa yeye ni mkulima.

Bima ya kiashiria, na mahali inapochubua

Njia ya pili ya kulipwa kwa ekari ni bima yenyewe. Mwaka 2023 kampuni kadhaa za bima nchini ziliungana katika umoja wa bima ya kilimo (TAIC), chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), ili zibebe kwa pamoja mzigo ambao kampuni moja ingeuogopa. Bima ya mazao pia imeondolewa Kodi ya Ongezeko la Thamani. Nchini Kenya serikali ilianzisha mwaka 2016 mpango wa kuchangia nusu ya ada ya bima ya mahindi katika kaunti zilizoingia, na wakulima wengi waliifahamu bima kwa njia hiyo.

Kwa mkulima mdogo, bima inayowezekana zaidi ni ile ya kiashiria. Kampuni haitumi mtu kukagua shamba lako, kwa sababu nauli ya mkaguzi ingezidi ada uliyolipa. Badala yake hutazama kipimo kimoja, kwa mfano mvua ya eneo kama inavyopimwa na setilaiti. Tuchukue hesabu ya mfano. Mkulima ametumia shilingi 300,000 kwa ekari na kuikatia bima ya kiasi hicho, ada ikiwa asilimia 7, yaani shilingi 21,000. Mkataba unasema kuwa katika siku 30 za kuchanua kwa mahindi, mvua ikiwa chini ya milimita 60 malipo yanaanza, na ikiwa chini ya milimita 20 atalipwa kiasi chote. Msimu ukifika, setilaiti inaonesha milimita 40. Ameangukia katikati, hivyo atalipwa nusu, shilingi 150,000, bila mtu kufika shambani na bila kuandika barua.

Uzuri wake ni wepesi. Ubaya wake unatoka mahali hapo hapo. Katika nchi kama Handeni mvua inaweza kunyesha upande mmoja wa kilima na kuuacha mwingine mkavu. Setilaiti ikisema milimita 65 na shamba lako likapata 25, hutalipwa kitu, ingawa mahindi yamekufa. Kinyume chake nacho hutokea, mtu akalipwa na mavuno anayo, lakini huyo haji ofisini kulalamika. Kabla ya kutia saini, mkulima aulize mambo manne: kipimo kinachotumika ni mvua au wastani wa mavuno ya kata, kinahesabiwa kwa eneo kubwa kiasi gani, siku zinaanza kuhesabiwa lini, kwani anayepanda kwa kuchelewa anaweza kukuta dirisha lake limefungwa, na maafa gani hayamo kabisa. Mafuriko, viwavijeshi na tembo mara nyingi hayamo katika bima ya mvua. Anayeona ametendewa visivyo na kampuni ana njia ya kulalamika kwa TIRA, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Bima hiyo haifuti msaada wa maafa. Kaya iliyolipwa nusu ya gharama zake bado inaweza kuwa na njaa, na tathmini itaiangalia kama kaya nyingine yoyote, ikihesabu malipo hayo katika uwezo wake.

Vuli za 2021 na 2022 zilikuwa haba katika ukanda wetu wa kaskazini-mashariki, na yapo maeneo ambayo mkulima alipanda mbegu mara mbili katika msimu mmoja bila kuvuna. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa mwelekeo wa mvua za vuli kabla ya Oktoba, na nakala yake hubandikwa katika mbao za matangazo za kata. Safari hii, unapokwenda kuusoma, beba kitambulisho na namba ya simu unayoitumia, ingia ofisini kwa Mtendaji wa Kijiji, na mwombe akuoneshe kama jina lako limo katika daftari la wakulima, na kama ekari zilizoandikwa ndizo unazolima.